Mashine ya kupumulia inafanya nini, na tunafanya nini pale ambapo haiko

Tangu wakati wa Corona kuna ulizo moja halikosi tukifungua simu kwenye kipindi cha afya. Mama mmoja wa huku Idjwi aliliuliza hivi: "Ndugu mtangazaji, ile mashini ya kupumulia inaponesha mugonjwa, ao inamuchelewesha tu kufa?" Studioni watu walicheka. Mimi si munganga, kwa hiyo nilibeba ulizo lake nikaenda nalo kwa wanaojua, nikasoma na maandishi ambayo waganga wanatumia. Nikaona yule mama alikuwa karibu na ukweli kuliko sisi tuliocheka.

Mashine ya kupumulia haiponeshi ugonjwa wowote. Inachelewesha kifo, kweli, na hiyo ndiyo kazi yake yote. Inashika pumzi ya mtu masaa kadhaa ao siku kadhaa, ili dawa ya nimonia ifanye kazi, ao sumu itoke mwilini, ao dawa ya kulaza iishe nguvu. Kama hakuna kitu kinachofanya kazi nyuma yake, mashine inangoja bure. Na ikipangwa vibaya, yenyewe inaweza kuharibu mapafu ya yule iliyekuja kuokoa.

Ninaandika haya kwa watu wa aina mbili. Kwanza wewe mwenyeji, ambaye siku moja utasimama kando ya kitanda cha ndugu yako na utaambiwa "tunamtuma Bukavu". Pili daktari kijana ao muuguzi wa kituo cha afya, ambaye alisoma udaktari wa kawaida, hakupita katika huduma ya wagonjwa mahututi, na usiku mmoja anajikuta peke yake na mtu anayeshindwa kupumua.

Kuvuta na kusukuma

Chukua seringi. Ukivuta kile kijiti chake nyuma, dawa inaingia yenyewe, hakuna anayeisukuma. Kifua chetu kinafanya vilevile. Chini ya mapafu kuna kiwambo, nyama pana inayotenga kifua na tumbo. Kiwambo kinashuka, mbavu zinapanuka, hewa inavutwa ndani. Ukilegea, hewa inatoka.

Mashine inafanya kinyume. Inasukuma hewa ndani kwa nguvu, kama vile unavyopiga pompi tairi ya pikipiki. Mambo mengi ambayo daktari anapaswa kukumbuka yanatoka hapo. Pafu likisukumwa kupita kiasi linaumia, linaweza hata kutoboka. Na kifua kinapojazwa kwa nguvu, damu inayorudi kwenye moyo inapata njia finyu, na presha ya mgonjwa inaweza kuanguka dakika chache tu kisha kuunganishwa, zaidi sana kama alikuwa amepoteza maji ao damu. Ndiyo maana waganga wanapenda kuweka seromu mapema na kuwa na dawa ya kupandisha presha karibu, mbele hata ya kugusa mashine.

Kisha kuna jambo ambalo lilinishangaza. Kupumua ni kazi mbili. Moja ni kuingiza oksijeni. Ya pili ni kutoa gesi chafu ambayo mwili unatengeneza, ile inayoitwa gesi ya kaboni. Mtu anaweza kuwa na oksijeni ya kutosha na bado anakufa juu ya gesi chafu iliyojaa ndani yake. Dunia ilijifunza hilo kwa uchungu katika mji wa Copenhagen, nchini Denmark, mwaka 1952.

Mwaka huo polio iliingia mji ule kwa kishindo. Hospitali ya Blegdam ilikuwa inapokea wagonjwa makumi kwa siku, wengi watoto, na polio ilikuwa imewakata nguvu za kumeza na za kupumua. Mashine za zamani, yale masanduku ya chuma ambayo mgonjwa analazwa ndani yake, zilikuwa za kuhesabika kwa vidole. Kati ya wagonjwa wa kwanza waliozidiwa, zaidi ya 80 kwa 100 walikufa. Daktari mmoja wa kulaza watu kwa upasuaji, Bjørn Ibsen, akatambua kwamba wagonjwa wale, hata wakipewa oksijeni na rangi yao ikiwa nzuri, walikuwa wanakufa juu ya gesi chafu kushindwa kutoka. Tarehe 27 Agosti 1952 alichukua msichana wa miaka 12 aliyekuwa anakata roho, wakamfungulia tundu kooni, wakapitisha tiyo, na Ibsen akaanza kukamua mfuko wa hewa kwa mkono. Msichana akaamka.

Sasa, nani atakamua mifuko ya wagonjwa makumi, usiku na mchana, kwa wiki nzima nzima? Waliita wanafunzi. Karibu wanafunzi 1.500 wa udaktari na wa udaktari wa meno walipokezana kwa zamu kando ya vitanda, kila mmoja na mfuko wake na mgonjwa wake. Vifo vilishuka, baadaye vikafika karibu 25 kwa 100. Dawa ya polio haikuwepo, na hata leo haipo. Ilikuwa mikono tu. Huduma ya wagonjwa mahututi tunayoiona leo kwenye televisheni, na taa zake na kelele zake, ilizaliwa pale, na kifaa cha kwanza kilikuwa mfuko wa mpira.

Ule mfuko, katika sura yake ya leo, uko hata katika maternite zetu. Ni ambu.

Hewa ya huku kwetu

Ziwa Kivu liko kwenye mita 1.460 hivi juu ya bahari. Hewa ya Idjwi ina oksijeni 21 kwa 100 kama hewa ya popote, lakini ni nyepesi. Kila pumzi unayovuta Bugarula ina oksijeni pungufu, karibu sehemu moja ya sita, kuliko pumzi ya mtu wa Moanda kule mto Kongo unapoingia baharini. Mtu mzima mwenye afya hasikii tofauti, mwili wake umezoea. Lakini mtoto mwenye nimonia anaanza mashindano akiwa ameshaachwa nyuma hatua kadhaa.

Ndiyo maana kile kipimo kidogo cha kubana kidoleni kina maana sana kwetu. Kinaonyesha ni sehemu ngapi kwa 100 za damu zimebeba oksijeni. Huku kwetu mtu mzima wa afya anaonyesha 95 na kitu. Ikishuka chini ya 90, waganga wanasema huyu anahitaji oksijeni sasa, si kesho asubuhi. Kwa mtoto mwenye dalili za hatari, kama kuishiwa fahamu ao degedege, hawangoji hata ifike 90.

Kipimo hiki kina udanganyifu wake. Kidole cha baridi, rangi ya kucha, mtoto anayetikisika, vyote vinaharibu namba. Na kuna jingine ambalo linatuhusu sisi moja kwa moja: mwaka 2020 waganga wa Marekani walitangaza kwamba kwa wagonjwa weusi kipimo hicho kilikosa kuona upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu. Kinaonyesha namba nzuri kumbe ndani hali ni mbaya. Kwa hiyo 92 kwenye kidole cheusi isikupe usingizi. Mtazame mgonjwa mwenyewe: anapumua mara ngapi, anaweza kumaliza sentensi moja bila kukata, anazidi kuchoka?

Kwa watoto, hata mama nyumbani anaweza kuhesabu. Mtoto ametulia, halii, hanyonyi. Hesabu pumzi dakika nzima. Toka miezi 2 hadi 11, pumzi 50 ao zaidi ni haraka mno. Toka mwaka 1 hadi 5, ni 40 ao zaidi. Kama chini ya mbavu panaingia ndani kila akivuta, ao anakataa kunyonya, ao midomo inageuka rangi, usingoje kuche. Chukua mtoto, twende kituo.

Oksijeni kwanza

Watu wengi wanachanganya oksijeni na mashine ya kupumulia. Oksijeni ni kama chakula, mashine ni kama mtu wa kukulisha. Wagonjwa wengi wanaweza kula wenyewe, wanakosa chakula tu. Uchunguzi mkubwa uliofanywa katika hospitali za nchi 22 za Afrika, ukatangazwa mwaka 2025, ulikuta kwamba katika wagonjwa wenye mapafu yaliyoshindwa, karibu nusu tu ndio walikuwa wanapewa oksijeni. Na wagonjwa mahututi wengi walikuwa wamelazwa kwenye vyumba vya kawaida.

Oksijeni inakuja kwa njia mbili. Kuna chupa kubwa ya chuma, na kuna mashine inayovuta hewa ya chumbani, inanasa azoti kwenye punje fulani ndani yake, na kuachia oksijeni ya karibu 93 kwa 100. Waganga wanaiita konsantratere.

Fanya hesabu pamoja nami. Chupa kubwa iliyojaa inabeba litri kama 6.800. Mgonjwa anayetumia litri 10 kwa dakika ataimaliza kwa masaa 11 na kidogo. Kisha chupa tupu inapaswa kubebwa hadi bandarini, ipande boti, ivuke ziwa, ijazwe mjini, irudi. Wanaoishi Idjwi wanajua ile "kisha" inaweza kuchukua siku ngapi, upepo ukiwa mbaya ao esansi ikikosa. Konsantratere haina shida ya kuvuka ziwa, lakini inataka umeme usiokatika. Ndogo ya litri 5 inakula wati kama 350. Iache usiku na mchana, hiyo ni zaidi ya kilowati 8 za saa kwa siku, kwa mgonjwa mmoja. Betri za sola za taa haziwezi kubeba huo mzigo, na jenereta inataka mazutu.

Kwa tiyo ndogo ya puani, kila litri moja inaongeza kama 3 ao 4 kwa 100 juu ya zile 21. Litri 2 zinakupeleka karibu 28, litri 5 karibu 40. Ukihitaji zaidi, unatumia maski yenye mfuko, na hiyo inataka litri 10 hadi 15. Hapo konsantratere moja ndogo imeshindwa.

Kwa mtu mzima anayejipumulia mwenyewe kuna msaada ambao hauna gharama: mwinue kichwa na mgongo, akae nusu kuketi, ao kama anaweza, alale kifudifudi. Wakati wa Corona njia hiyo ya kulala kifudifudi ilitumika dunia nzima juu ya kupandisha oksijeni. Godoro tu na mtu wa kumsaidia kugeuka.

Tiyo ndani ya chupa ya maji

Katikati ya oksijeni ya puani na mashine kubwa kuna kifaa kimoja ambacho watoto wachanga wengi wamepona kwacho. Mtoto anapewa hewa na oksijeni kwa tiyo za puani zinazobana vizuri, na tiyo ya kutolea hewa inachovywa ndani ya chupa ya maji, sentimita 5 ao 6. Kila akitoa pumzi, hewa lazima isukume maji, bubububu. Ile nguvu ndogo ya maji inarudi kwenye mapafu na kuzuia vifuko vyake visifunge.

Umeshapuliza baloni ya sikukuu? Pumzi ya kwanza ndiyo ngumu. Ikishafunguka kidogo, zinazofuata ni rahisi. Mapafu ya mtoto aliyezaliwa mbele ya wakati ni baloni inayofunga kila mara, na mtoto anachoka kuifungua upya. Maji yanamsaidia isifunge kabisa.

Kifaa rahisi namna hii, mtu anaweza kusema tukisambaze kesho asubuhi katika kila kituo. Ngoja kidogo. Nchini Bangladesh, katika hospitali moja ya Dhaka yenye waganga karibu saa zote, watoto wenye nimonia kali waliowekwa kwenye maji walikufa 4 kwa 100, na waliopewa oksijeni ya kawaida 15 kwa 100. Lakini nchini Malawi, katika hospitali ya wilaya ambako madaktari hawakuwa kila siku kando ya kitanda, wakajaribu kwa watoto 644 wa hatari zaidi, matokeo yakatangazwa mwaka 2019. Waliopewa msaada wa kusukuma hewa walikufa 17 kwa 100, wenye oksijeni ya kawaida 11. Wagonjwa hawakuwa sawa kabisa pande zote mbili, hilo linaeleweka. Lakini kwangu hiyo ndiyo habari kubwa kuliko zote katika maandishi niliyosoma. Hewa ya kusukuma bila jicho la kuiangalia inaweza kuua.

Wakubwa wetu wanapenda kupigwa picha kando ya mashine mpya. Sijaona bado mkubwa anayepigwa picha kando ya muuguzi wa zamu ya usiku.

Namba ambazo daktari asisahau

Sehemu hii ni ya waganga, lakini wengine msikimbie, mtaelewa. Na tuseme wazi: makala hii si mafunzo. Anayetaka kuendesha mashine aketi kwanza kando ya wenye uzoefu.

Mgonjwa akiwekwa kwenye mashine, tiyo inapita mdomoni hadi kwenye njia ya hewa, na daktari anachagua mambo manne. Mawili ni ya gesi chafu: kiasi cha hewa katika kila pumzi, na pumzi ngapi kwa dakika. Mawili ni ya oksijeni: sehemu ngapi za oksijeni katika hewa, na nguvu ndogo inayobaki ndani mwisho wa pumzi, kazi ileile ya tiyo kwenye maji.

Kiasi cha hewa ndipo watu wanakosea. Mwaka 2000 waganga wa Marekani walilinganisha wagonjwa 861 wenye mapafu yaliyoharibika. Kundi moja lilipewa pumzi kubwa za mililitri 12 kwa kila kilo, kama ilivyokuwa desturi. Kundi jingine pumzi ndogo za 6. Wa pumzi kubwa walikufa karibu 40 kwa 100, wa pumzi ndogo 31. Dawa zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni upole.

Na hizo kilo si zile za mzani. Mtu akinenepa, mapafu yake hayanenepi. Kilo zinahesabiwa kwa urefu: kwa mwanamke, chukua sentimita zake, toa 152,4, zidisha kwa 0,91, ongeza 45,5. Kwa mwanaume hesabu ni ileile, lakini mwisho unaongeza 50. Mama wa sentimita 158 anapata kilo 50 na nusu hivi, hata kama mzani unasema 80. Pumzi yake inaanzia mililitri 300, isipite 400. Kama daktari alifuata mzani na ile desturi ya zamani, angemsukumia karibu mililitri 1.000.

Zingine ni hizi. Pumzi kwa mtu mzima, kati ya 12 na 20 kwa dakika, zaidi kidogo kama gesi chafu imejaa. Mwenye pumu ni kinyume, mpunguzie, mpe muda mrefu wa kutoa, la sivyo hewa inarundikana ndani hadi moyo unakosa nafasi. Nguvu ya mwisho wa pumzi, anza na sentimita 5 za maji. Oksijeni, anza na 100 kwa 100, kisha ishushe polepole mpaka kipimo cha kidole kikae kati ya 92 na 96. Na ile nguvu ndani ya mapafu, ukisimamisha hewa kidogo mwisho wa kuingiza, isipite sentimita 30 za maji.

Mashine ikipiga kelele na mgonjwa anageuka bluu, usianze kusoma vitufe. Mtoe kwenye mashine, chukua ambu yenye oksijeni, kamua kwa mkono. Akirudi, shida ilikuwa mashine. Asiporudi, shida iko kwake: tiyo imesogea, ao imeziba kwa makohozi, ao pafu limetoboka na hewa inalibana kutoka nje. Sikiliza kifua pande zote mbili. Ndiyo maana ambu haitoki kamwe kando ya kitanda chenye mashine.

Kuna jambo lingine la kujua mbele ya kuomba msaada wa mashine. Mashine nyingi za hospitali kubwa zinataka oksijeni ya msukumo mkali, wa bomba ao wa chupa. Konsantratere inatoa oksijeni laini, haiwezi kuziendesha. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilisema hospitali za serikali katika nchi 41 za Afrika zilikuwa na mashine za kupumulia zisizofika 2.000 zinazofanya kazi. Namba hiyo ilitisha, misaada ikaanza kutembea. Lakini sanduku likifika bila bomba, bila umeme wa kudumu, bila mtu aliyefundishwa, linabaki sanduku. Mimi nikiulizwa Idjwi ianze na nini, nasema oksijeni ya uhakika, vipimo vya kidole vyenye pile, na ambu nzima za ukubwa tatu. Wengine watabisha, na simu zetu ziko wazi.

Masaa ya mkono

Sasa turudi kwa yule daktari peke yake. Nani hasa atamletea kazi hii? Mara nyingi si mzee wa Corona. Ni mama wa sezariani ambaye sindano ya mgongo imepanda juu mno, kifua kimelala, hawezi kuvuta. Ni kijana aliyekunywa dawa ya kuua wadudu wa shamba. Ni mtoto wa malaria kali aliyepewa dawa ya degedege mara mbili na sasa anapumua mara sita kwa dakika. Ni mtoto mchanga aliyezaliwa kimya. Yule mama wa sindano ya mgongo, ukimkamulia ambu saa moja ao mbili na kushika presha yake, dawa inaisha nguvu na anaanza kupumua mwenyewe. Anarudi nyumbani na mtoto wake. Hahitaji Bukavu, anahitaji mtu asiyechoka.

Kwa mtoto mchanga muda ni mfupi zaidi. Watoto kama 3 hadi 6 kwa 100 hawaanzi kupumua bila kukamuliwa. Mfute, mpashe joto, msugue mgongo. Dakika ya kwanza isiishe kama ambu haijaanza, pumzi kama 40 kwa dakika, na mara nyingi hewa ya kawaida ya chumbani inatosha kuanzia.

Ambu nayo inataka upole. Ya mtu mzima inabeba litri kama moja na nusu, kwa hiyo ukiikamua yote kwa hasira unampa mara nne ao tano ya kile yule mama wa sentimita 158 anahitaji. Hewa ya ziada inaingia tumboni, anatapika, matapishi yanashuka mapafuni. Kamua mpaka uone kifua kinapanda kidogo, acha. Pumzi moja kila sekunde 6. Kama mko wawili, mmoja ashike maski kwa mikono miwili na kuinua kidevu, mwingine akamue. Mtu mmoja akifanya yote mawili, hewa nyingi inatoroka pembeni ya maski, na yeye hajui.

Na kama ni lazima kuvuka, vukeni mbele mgonjwa hajachoka. Kuna hospitali ya Monvu huku kisiwani, kuna Panzi na hospitali ya jimbo kule Bukavu, lakini katikati kuna maji. Mtu aliyebebwa kwa kipoyi toka kilimani, akangojeshwa bandarini familia ikitafuta franga za esansi, anafika ng'ambo akiwa ametumia nguvu zake za mwisho kupumua tu. Siku moja mimi mwenyewe nilikuwa kwenye boti ambamo muuguzi mmoja alikamua ambu peke yake tangu tulipoacha ufuko. Katikati ya ziwa mkono wake ulianza kutetemeka. Akamuonyesha kaka wa mgonjwa namna ya kukamua, pale pale, mawimbi yakipiga, na kaka akajifunza kwa dakika tatu.

Afadhali afundishwe ufukoni. Safari ya masaa mawili ni kukamua mara 1.200, na hakuna mkono mmoja unaofika huko bila kuharibu mwendo. Chagueni watu watatu wa kupokezana, mmoja ahesabu kwa sauti. Hesabuni oksijeni ya safari, kisha mbebe mara mbili, juu motere inaweza kuzima. Pigeni simu ng'ambo ili machela iwe inangoja bandarini. Mgonjwa asilazwe chali kabisa, kichwa kiinuliwe kidogo, na blanketi juu yake, upepo wa ziwa ni baridi hata mchana.

Mbele ya kusukuma boti, jaribuni ambu yenyewe: ziba tundu lake la mbele kwa kiganja, kisha ukamue. Kama inakataa kubonyea, ni nzima. Kama inabonyea na hewa inatoroka pembeni, kifuniko cha ndani kimeharibika, na hiyo isipande botini. Tafuteni nyingine mbele hamjaondoka.